Askari wa d2: Somo la Sataranji kwa Mwanafunzi Mwislamu



Ndugu msomaji, kila muhula yupo anayeuliza swali hili baada ya darsa: je, sataranji inafaa kwa mwanafunzi Mwislamu? Wengine huuliza kwa nia ya kujua. Wengine huuliza kwa sababu wamemwona kaka fulani wa jumuiya yetu ameinamia ubao chini ya mti tangu adhuhuri, na adhana ya alasiri imempita bila kunyanyua kichwa. Kaka huyo nilikuwa mimi. Kwa hiyo somo la leo nimeliandika kwa mikono miwili: mkono mmoja unafundisha mchezo, mwingine unaukamata mchezo usije ukakimbia na mtu.

Tutapitia mchezo mmoja wa mashindano, wa mwaka 1857, ulioshindwa na mwenye kete nyeusi kwa utetezi wa klasiki. Tafuta ubao. Usipokuwa nao, chora miraba 64 kwenye daftari na ukate vipande vya karatasi. Wengi wetu tulianza hivyo.

Wanazuoni wamesema nini

Sataranji si ngeni kwa Waislamu. Jina lenyewe tumelipata kwa Waarabu, nao walilipokea kutoka Uajemi, na Waajemi kutoka India. Neno mati, tunalolisema mfalme anapokwama, limetoka kwenye shah mat. Kete tunayoiita askofu, Waarabu mpaka leo huiita fili, yaani tembo. Baghdad ya Bani Abbas ilikuwa na mabingwa walioandika vitabu vya mchezo huu, miongoni mwao al-Adli katika karne ya 9 na as-Suli katika karne ya 10.

Lakini ukale wa jambo si dalili ya uhalali wake. Wanazuoni wamekhitalifiana. Wengi katika madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali wameikataza au kuichukia sana. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu Uganda na pwani yote ya Afrika Mashariki, kauli mashuhuri ni kwamba ni makruhu, si haramu, maadamu mambo matatu hayapo: kuchezea mali, kuchelewesha swala, na ulimi mchafu. Likiingia moja kati ya hayo, hukumu inageuka kuwa haramu. Kamari imekatazwa waziwazi katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, na swala kuwekewa nyakati maalumu kumo katika Suratun Nisaa, aya ya 103. Anayeiacha sataranji kabisa kwa kujichunga, tusimcheke. Ana wanazuoni wakubwa nyuma yake. Anayecheza, ayajue masharti yake kabla hajajua ufunguzi hata mmoja.

Tunavyoandika hatua

Safu za ubao zinaitwa a hadi h, kutoka kushoto kwa mwenye kete nyeupe. Mistari ni 1 hadi 8, kuanzia upande wake. Kama ilivyo katika vitabu vingi, K ni mfalme, Q ni malkia, R ni ngome, B ni askofu, N ni farasi. Askari hana herufi. Alama ya x ni kula, + ni cheki, # ni mati, na O-O ni mfalme kujihifadhi upande mfupi.

Wachezaji wawili

Kongamano la kwanza la sataranji la Marekani lilifanyika New York, Oktoba na Novemba 1857. Fainali iliwakutanisha Louis Paulsen, Mjerumani aliyekuwa akiishi Iowa, na Paul Morphy wa New Orleans. Paulsen alikuwa na umri wa miaka 24, mtu wa kufikiri muda mrefu, na hodari wa kucheza bila kuuangalia ubao. Morphy alikuwa na miaka 20. Mwaka huo huo alikuwa amemaliza shahada ya sheria, lakini umri wake haukumruhusu bado kufanya kazi ya uwakili. Yaani alikuwa kijana wa rika letu, ametoka chuoni, anasubiri.

Wakati huo saa za mashindano hazikuwepo. Mtu angeweza kufikiri mpaka mpinzani asinzie. Mchezo tunaousoma ni wa sita katika fainali. Paulsen ana kete nyeupe, Morphy nyeusi.

Ufunguzi: hatua ya 1 hadi ya 6

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Nc3 Nf6 4.Bb5 Bc5

Farasi wote wanne wametoka, ndiyo maana ufunguzi huu unaitwa wa Farasi Wanne. Hatua ya nne ya Morphy ndiyo inayouita utetezi wake klasiki: askofu anakwenda c5, mbele ya askari, mahali anapoutazama ubao wote hadi f2 karibu na mfalme. Angeweza kumpeleka b4 amkabili farasi. Lakini njia ya klasiki inasema: weka kila kete mahali inapofanya kazi zaidi, kisha mhifadhi mfalme.

5.O-O O-O 6.Nxe5 Re8

Paulsen amekula askari. Mwanafunzi mgeni angekula farasi papo hapo: 6...Nxe5. Hapo 7.d4 inawakabili farasi na askofu kwa askari mmoja, na mmoja wao atapotea. Morphy hakukimbilia deni. Alileta ngome e8, kwenye safu itakayofunguka. Kumbuka ngome hii.

Hatua ya 7 hadi ya 11

7.Nxc6 dxc6 8.Bc4 b5 9.Be2 Nxe4 10.Nxe4 Rxe4 11.Bf3 Re6

Angalia hatua ya nane. Askari wa e4 alikuwa wazi, na mkono unawasha. Lakini 8...Nxe4 9.Nxe4 Rxe4 ingejibiwa 10.Bxf7+ Kxf7 11.Qf3+, na malkia anamcheki mfalme huku ameikamata ngome ya e4. Morphy kwanza alimfukuza askofu kwa 8...b5. Alipokwisha kurudi e2, ndipo akala. Kitu ni kile kile. Tofauti ni kungoja hatua moja.

Baada ya 11...Re6 hesabu iko sawa: kila upande una askari saba, malkia, ngome mbili na maaskofu wawili. Ukiukagua ubao haraka utasema ni sare. Sasa ukague polepole. Askofu wa Paulsen wa c1 bado yuko nyumbani, na mlango wake umefungwa na askari wa d2.

Hatua ya 12: kosa dogo

12.c3 Qd3

Paulsen alitaka kusogeza askari wa d2 hadi d4, amfukuze askofu wa c5 na kumfungulia askofu wake njia, yote kwa mpigo mmoja. Mpango mzuri. Ila aliona aandae kwanza, akacheza c3, akiazimia d4 iwe hatua inayofuata.

Hatua inayofuata haikupatikana. Malkia wa Morphy aliingia d3, akakaa mbele ya askari yule uso kwa uso. Hakuna kete ya kumfukuza. Askari wa d2 hasogei, askofu wa c1 hawezi kutoka kupitia kwake, na ngome ya a1 imefungiwa nyuma ya askofu. 12.d3 ingekuwa hatua ya kawaida, isiyo na fahari, na Qd3 isingewezekana kamwe.

Hapa ndipo mchezo ulipogeuka, na hakuna kete hata moja iliyoliwa.

Hatua ya 13 hadi ya 16

13.b4 Bb6 14.a4 bxa4 15.Qxa4 Bd7 16.Ra2 Rae8

Paulsen alitafuta njia upande wa malkia, kwa kuwa katikati pamefungwa. Morphy naye alimalizia kuleta watu wake kazini. Hesabu walio kazini upande wa nyeusi: malkia d3, ngome e6 na e8, maaskofu b6 na d7. Wote watano. Upande wa nyeupe, malkia na ngome moja wako mbali safu ya a, na askofu wa c1 hajaamka.

Ngome mbili kwenye safu ya e zinatishia jambo zito: 17...Qxf1+ 18.Kxf1 Re1#. Ihakikishe mwenyewe kwenye ubao kabla hujaendelea.

Hatua ya 17: malkia anatolewa

17.Qa6 Qxf3

Paulsen aliona hatari, akampeleka malkia a6 amkabili malkia wa Morphy. Akidhani wakibadilishana malkia moto utazimika. Wachambuzi wanasema 17.Qd1 ingemlinda vizuri zaidi.

Morphy akamtoa malkia kwa askofu. Ndugu zangu, tusiseme ni ujasiri tu. Ujasiri bila hesabu ni kamari. Morphy alitoa kwa sababu watu wake wanne waliobaki wote walikuwa na njia ya kumfikia mfalme, na watetezi wa mfalme yule walikuwa mbali au wamelala.

18.gxf3 Rg6+ 19.Kh1 Bh3

Ile ngome ya hatua ya sita ndiyo iliyofika g6. Tishio sasa ni 20...Bg2+ 21.Kg1 Bxf3#, kwani askofu akiondoka g2 ngome inamcheki mfalme, na h1 imeshikwa na askofu.

20.Rd1 Bg2+ 21.Kg1 Bxf3+ 22.Kf1 Bg2+

Paulsen aliiondoa ngome ili mfalme apate f1. Ilimchelewesha Morphy, haikumwokoa Paulsen. Na hapa pana jambo la kututuliza sote: Morphy naye hakucheza kikamilifu. Wachambuzi walionyesha baadaye kwamba 22...Rg2 ilikuwa fupi zaidi. Kwa mfano 23.Qd3 Rxf2+ 24.Kg1 Rg2+ 25.Kh1 Rg1#. Mchezo unaosomwa kwa zaidi ya miaka 160 una hatua iliyopitwa. Kwa hiyo ukikosea, rekebisha na uendelee.

23.Kg1 Bh3+ 24.Kh1 Bxf2 25.Qf1

Askofu wa b6, yule wa klasiki aliyeitazama f2 tangu hatua ya nne, hatimaye amefika f2. Tishio ni 25...Bg2#. Paulsen hana budi kumrudisha malkia.

25...Bxf1 26.Rxf1 Re2 27.Ra1 Rh6 28.d4 Be3

Malkia aliyetolewa hatua ya 17 amelipwa hatua ya 25, na Morphy amebaki na askari sita kwa wanne. Tazama hatua ya mwisho ya Paulsen: 28.d4. Askari wa d2 ameamka! Amemfungulia askofu wa c1 njia ya kuifikia ngome ya h6. Ni hatua ile ile aliyoitaka tangu ya 12, na ni nzuri vile vile, ila wakati wake umepita. Morphy alijibu 28...Be3: amekata njia ya askofu, ameishika g1, na ameifungulia ngome ya e2 njia hadi h2. Tishio ni 29...Rhxh2#. Ikiwa 29.Bxe3, basi 29...Rhxh2+ 30.Kg1 Reg2#. Paulsen akasalimu amri.

Askofu wa c1 hakusogea hata mara moja mchezo mzima. Ngome ya a1 ilitoka ikaenda a2, ikarudi a1.

Askari wetu wa d2

Paulsen hakuwa mchezaji dhaifu. Alikuja kuwa miongoni mwa wakubwa wa zama zake, na hadi leo kuna njia ya utetezi wa Sisilia yenye jina lake. Hakushindwa kwa kutokujua. Alikijua kitu cha kufanya, akakiahirisha kwa hatua moja ili akifanye kwa uzuri zaidi.

Sisi Kyambogo tuna askari wetu wa d2. Ni kazi ya darasa ambayo utaianza kesho ukishapata kitabu kizuri. Ni karo iliyobaki kidogo, ukingoja ukamilishe yote kwa mara moja, mpaka unafika mlango wa mtihani huna kibali. Ni kumpigia simu mama Jumapili, kisha Jumapili ijayo. Na ni swala: nitamalizia hili, halafu nitaswali kwa utulivu.

Nilipoanza nilisema kaka yule aliyepitwa na adhana nilikuwa mimi. Nimalizie habari. Mwaka uliopita nilicheza mashindano mjini. Raundi ya nne nilikuwa na nyeusi, na nilikuwa nashinda. Alasiri ikaingia. Nikajiambia nitaswali mchezo ukiisha, mpinzani amebaki na dakika chache. Naye alikuwa mgumu kuliko nilivyodhani. Nilipomla mfalme wake, magharibi ilikuwa imeadhiniwa. Wenzangu walinipongeza, nikatabasamu. Usiku ule kitandani sikuweza kuufurahia ushindi. Nilikuwa nimecheza c3.

Nilikwenda kwa sheikh mmoja nikamweleza bila kupunguza. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Mwanangu, wewe unaucheza mchezo, au mchezo unakucheza?" Nilinyamaza. Akanambia, "Jibu ulipate kwanza, ndipo urudi kwenye ubao." Nilikaa muhula mzima bila mashindano. Haikuwa rahisi, na ugumu wake ndio ulionionyesha jibu. Sasa nimerudi, na nimerudi na masharti.

Masharti ya mwenye kwenda mashindanoni

Kwanza, Kampala ipo karibu kabisa na ikweta, na nyakati za swala hazihami sana mwaka mzima. Alasiri ni karibu na saa kumi, magharibi ni karibu na saa moja jioni. Ratiba ya raundi hutolewa mapema. Zilinganishe hizo mbili usiku wa kabla, si wakati saa yako ya mchezo inakimbia.

Pili, zungumza na mwamuzi kabla ya raundi ya kwanza. Kanuni za FIDE haziruhusu mchezaji kutoka nje ya ukumbi bila idhini ya mwamuzi. Kwa hiyo omba mapema, kwa adabu, na uulize pembeni gani unaweza kutandika mkeka. Saa yako haitasimama. Ikubali hasara hiyo ya dakika chache na uitie kwenye hesabu yako, kama mwingine anavyotia hesabu ya askari.

Tatu, usicheze kwa dau. Hata soda ya atakayeshindwa ni dau.

Nne, linda ulimi. Kuna michezo ya dakika tano inayochezwa kwa kelele na matusi ya utani. Ukiona hivyo, ondoka.

Tano, weka mpaka wa muda, hasa kwenye simu. Ubao wa mti una mwisho: mwenzako atachoka. Ubao wa simu hauchoki, hata saa nane usiku, na alfajiri utailipa.

Faida iliyopo

Nisije nikaeleweka kwamba sataranji ni mzigo mtupu. Mji wetu huu umeona faida yake. Mwaka 2004 Robert Katende alianza kuwafundisha watoto wa Katwe, akiwapa na uji. Phiona Mutesi alitoka hapo akafika Olimpiadi ya Istanbul mwaka 2012 na kupata cheo cha WCM, na habari yake ikawa filamu mwaka 2016. Chuo chetu kinafundisha walimu, na elimu ya wenye mahitaji maalumu ni katika misingi yake tangu kilipoundwa mwaka 2003. Mwalimu ajue kwamba asiyeona anaweza kucheza sawa na anayeona, kwa ubao wenye matundu na kete za kupapasa, na kanuni za kimataifa zimemwekea nafasi yake. Ni jambo la kuwapelekea wanafunzi wetu wa kesho.

Na kuhusu Morphy mwenyewe: mwaka 1858 alikwenda Ulaya akawashinda wakubwa, kisha akaacha mashindano akiwa kijana. Alisema hadharani kwamba sataranji isizidi kuwa burudani. Lakini uwakili wake haukusimama kamwe, na alifariki mwaka 1884 akiwa na miaka 47. Aliyeuona ubao kuliko wote wa zama zake hakufanikiwa katika kazi aliyoisomea. Tuvae sifa yake, na tuchukue tahadhari yake.

Maswali ya kujipima

1. Baada ya 19...Bh3, kama Paulsen angecheza 20.Rg1, Morphy angemaliza vipi?
2. Kama angecheza 20.Qd3, akiitazama ngome ya g6, nini jibu?
3. Askari wako wa d2 wiki hii ni nani?

Majibu: La kwanza, 20...Bg2+ 21.Rxg2 Re1+ 22.Qf1 Rxf1+ 23.Rg1 Rfxg1#. La pili, 20...f5 inaikata njia ya malkia kuifikia ngome, na tishio la Bg2+ linabaki. La tatu unalijua mwenyewe. Msogeze leo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.